Kutengeneza kichocheo cha kaboni chenye vitundu kwa betri za zinki-hewa na seli za mafuta: mwongozo kamili

Kosa linalorudiwa zaidi katika kazi hii ni kuhesabu eneo la uso peke yake. Mtu anapata kaboni yenye mita za mraba 1,000 kwa kila gramu, anaipaka kwenye elektrodi, kisha anashangaa mkondo ni mdogo kuliko wa poda yenye nusu ya eneo hilo. Sababu ni kwamba vitundu vyake vyote ni vidogo mno. Sehemu zinazofanya kazi zimo ndani, lakini oksijeni haina njia ya kuzifikia na maji hayana njia ya kupita.

Kichocheo kizuri kina vitundu vya ngazi tatu. Vile vya chini ya nanomita 2 hubeba atomu za chuma zilizoshikwa na naitrojeni, na hapo ndipo oksijeni inapovunjwa. Vya nanomita 2 hadi 50 hupitisha elektroliti na gesi. Vya zaidi ya nanomita 50 ni barabara kuu. Mwongozo huu unafuata njia moja hadi mwisho: kaboni yenye chuma na naitrojeni inayotokana na fuwele za ZIF-8 (fuwele za zinki na methilimidazoli zenye vyumba vidogo ndani), ikifunguliwa kwa chumvi ya kawaida. Ukiimudu hii, nyingine hazitakusumbua.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Kemikali za kutengeneza poda

- Zinki nitreti yenye maji sita: gramu 2.97 (milimoli 10)
- 2-methilimidazoli: gramu 6.57 (milimoli 80)
- Chuma(III) asetilasetonati: gramu 0.035 (milimoli 0.1)
- Methanoli safi: mililita 200 za kuchanganyia, na nyingine za kuoshea
- Sodiamu kloridi safi ya maabara, iliyokaushwa
- Asidi ya salfuriki ya mola 0.5
- Gesi ya agoni yenye usafi wa asilimia 99.999

Vya kupimia

- Potasiamu hidroksidi, maji yaliyoondolewa madini, isopropanoli, na Nafion (gundi ya plastiki inayopitisha ioni) ya asilimia 5
- Elektrodi ya diski inayozunguka, ya kaboni-kioo, kipenyo milimita 5
- Elektrodi ya kulinganishia ya zebaki na oksidi ya zebaki
- Fimbo ya grafiti kwa elektrodi ya tatu
- Kichocheo cha platinamu juu ya kaboni, asilimia 20, cha kujilinganisha nacho

Vifaa vingine: tanuri la bomba linalofika nyuzi 1,000 za Selsiasi, kibakuli kirefu cha kauri, sentrifuji, oveni ya ombwe, kisafishio cha mawimbi ya sauti, na kabati la kufyonza hewa linalofanya kazi kweli. Kama kabati halivuti, usianze. Hatua ya 4 hutoa gesi zinazoua.

Tumia vijiko vya plastiki au vya kauri. Kijiko cha chuma kinaweza kuacha chembe zitakazobadilisha matokeo yako yote, kwa kuwa kiasi cha chuma tunachokiweka ni kidogo sana.

## Hatua ya 1: Kukuza fuwele zenye chuma ndani

Yeyusha zinki nitreti na chuma asetilasetonati pamoja katika mililita 100 za methanoli. Katika chombo cha pili yeyusha methilimidazoli katika mililita 100 nyingine. Mimina cha pili ndani ya cha kwanza kwa mkupuo mmoja huku kikikorogwa kwa nguvu. Endelea kukoroga kwa saa 24 katika joto la kawaida la chumba.

Uwiano wa zinki na methilimidazoli hapa ni 1 kwa 8, na umechaguliwa kwa makusudi. Methilimidazoli inapokuwa nyingi, viini vingi huzaliwa kwa pamoja na fuwele hubaki ndogo. Fuwele ndogo zina faida mbili: oksijeni husafiri umbali mfupi ndani yake, na nafasi kati ya fuwele na fuwele huwa vitundu vya kati bila gharama yoyote. Ukimimina taratibu tone kwa tone, fuwele hukua kubwa na faida hiyo hupotea.

Chuma asetilasetonati nacho kina sababu yake. Molekuli yake ina upana wa karibu nanomita 0.97. Chumba cha ndani cha ZIF-8 kina nanomita 1.16, lakini mlango wake ni nanomita 0.34 tu. Fuwele ikijengeka huku molekuli iko pale, molekuli hufungiwa ndani na haiwezi kutoka. Kila atomu ya chuma inakaa peke yake chumbani, mbali na wenzake, na hilo ndilo litakalozuia chuma kuungana kuwa chembe wakati wa kuchoma.

Onyo: Usiongeze chuma ukidhani utaongeza kazi. Katika tanuri poda hupungua hadi karibu theluthi moja ya uzito wake, au chini ya hapo, kwa sababu zinki na sehemu ya kaboni huondoka lakini chuma hubaki. Kwa hiyo asilimia 1 ya chuma kwa moli za zinki, unayoiona ndogo leo, inajikusanya kesho. Chuma kikizidi, hakipati naitrojeni ya kukishika, na huishia kuwa chembe za chuma au kabidi ya chuma.

Dalili ya mafanikio: kimiminika hugeuka kama maziwa. Kikibaki angavu baada ya saa nzima, kagua mizani yako na ubora wa methilimidazoli.

## Hatua ya 2: Kuosha na kukausha

Tenga poda kwa sentrifuji, mwaga kimiminika, ongeza methanoli mpya, tikisa hadi poda yote iachane, kisha rudia. Osha mara tatu. Rangi ya kimiminika cha kuoshea ndiyo mwamuzi: mara ya kwanza kitakuwa chekundu kwa chuma kilichobaki nje, na cha mwisho kinapaswa kuwa hakina rangi. Chuma kilichoganda nje ya fuwele hakina chumba cha kukilinda, na ndicho cha kwanza kuungana kuwa chembe.

Kausha kwenye ombwe kwa nyuzi 70 usiku kucha. Poda nzuri ina rangi ya krimu hadi kahawia hafifu. Ikiwa nyeupe pe, chuma hakikuingia. Hesabu ya kinadharia inakupa gramu 2.3 kwa kipimo hiki, ila usitarajie kuzipata zote. Sehemu hubaki kwenye kimiminika ulichomwaga.

Kama una mashine ya eksirei ya kusoma fuwele, hakiki hapa. Vilele vya ZIF-8 hutokea karibu na nyuzi za pembe (si za joto) 7.3, 10.4, 12.7 na 18.0 kwa mionzi ya shaba. Kilele kingine chochote kikali ni uchafu, na ni nafuu kuutambua sasa kuliko baada ya tanuri.

## Hatua ya 3: Kuchanganya na chumvi

Saga gramu 1 ya poda na gramu 5 za sodiamu kloridi kavu kwenye kinu cha kauri, dakika 20, hadi usiweze kutofautisha rangi mbili.

Chumvi inafanya kazi mbili. Kwanza hutenganisha fuwele ili zisigandane zinapogeuka kaboni. Pili, huyeyuka kwenye nyuzi 801, wakati kaboni imeshaanza kujijenga, na nafasi iliyokaa chumvi hubaki wazi ukiiosha. Hapo ndipo barabara kuu zinapotoka. Silika ingeweza kufanya vivyo hivyo, lakini kuiondoa kunahitaji asidi ya hidrofloriki au alkali kali ya moto. Chumvi huondoka kwa maji.

Wengine hupendelea kufungua vitundu baadaye kwa kuchoma kaboni pamoja na potasiamu hidroksidi. Hatuipendekezi hapa. Eneo la uso hupanda sana, ni kweli, lakini naitrojeni nyingi huondoka, na naitrojeni ndiyo inayoshika chuma. Utabaki na nyumba kubwa isiyo na watu.

## Hatua ya 4: Kuchoma

Hii ndiyo hatua inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, kwa hiyo ifuate bila kukata kona.

1. Weka poda kwenye kibakuli cha kauri, isizidi nusu ya kina chake. Rundo nene huzuia gesi kutoka na sehemu ya chini huwa tofauti na ya juu.
2. Unganisha mwisho wa bomba na chupa tupu, kisha chupa yenye mmumunyo wa sodiamu hidroksidi, vyote ndani ya kabati.
3. Pitisha agoni kwa saa 1 kabla ya kuwasha moto.
4. Panda nyuzi 5 kwa dakika hadi nyuzi 950. Kaa hapo saa 1.
5. Zima na uache lipoe lenyewe, agoni ikiendelea kupita, hadi chini ya nyuzi 100.

Nyuzi 950 si namba ya kubahatisha. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, na inapotoka kama mvuke huacha vitundu vidogo kabisa mahali ilipokuwa. Chini ya hapo, zinki nyingi hubaki na kaboni haipitishi umeme vizuri. Ukivuka nyuzi 1,000 kwa muda mrefu, naitrojeni hupungua na chuma huanza kuhama. Joto hili la kati ni mapatano kati ya kupitisha umeme na kuhifadhi naitrojeni.

Maonyo ya hatua hii

- Methilimidazoli ikivunjika kwa joto huweza kutoa sianidi ya hidrojeni. Mmumunyo wa alkali kwenye chupa unaikamata. Kamwe usimimine asidi kwenye chupa hiyo, wala usiimwage kwenye beseni moja na mabaki ya asidi ya Hatua ya 5, kwa sababu gesi itarudi hewani yote.
- Chupa tupu iliyotangulia si pambo. Tanuri linapopoa, gesi husinyaa na kuvuta kimiminika kurudi nyuma. Bila chupa hiyo, alkali itaingia kwenye bomba la moto.
- Mvuke wa chumvi hula bomba la kwazi na kulifanya lipoteze uwazi na kupasuka kabla ya wakati. Tumia bomba la alumina au tenga bomba moja la kwazi kwa kazi hii tu.
- Ukifungua mapema, kaboni mpya yenye vitundu vingi inaweza kushika moto polepole bila mwali. Utakuta majivu ya rangi ya kutu.

Dalili ya mafanikio: poda nyeusi isiyong'aa, na upande wa baridi wa bomba kuna tabaka la kijivu linalong'aa la zinki, pamoja na ukoko mweupe wa chumvi. Kama tabaka la zinki halipo, joto halisi halikufika. Kipimajoto cha tanuri husoma katikati tu. Kibakuli kilichosogea sentimita chache kinaweza kuwa na joto la chini zaidi. Vumbi hilo la zinki huwaka kwa urahisi, kwa hiyo usilikwangue likiwa kavu.

## Hatua ya 5: Maji, asidi, na moto wa pili

Osha poda kwa maji ya moto hadi chumvi iishe. Kisha iweke kwenye asidi ya salfuriki ya mola 0.5, mililita 100 kwa kila gramu 0.2, kwenye nyuzi 80 kwa saa 8, ikikorogwa. Osha tena hadi maji ya mwisho yasibadilishe karatasi ya kupimia asidi. Kausha.

Asidi huondoa zinki iliyobaki na chembe za chuma zisizofunikwa. Atomu za chuma zilizoshikwa na naitrojeni huvumilia. Lakini asidi pia huacha ioni zake na vikundi vya oksijeni juu ya kaboni, na hivyo hufunika sehemu za kazi. Ndiyo maana wengi huona kazi imeshuka baada ya kuosha na kudhani wameharibu kichocheo. Hawajakiharibu, wamesahau moto wa pili: agoni, nyuzi 900, saa 1, bila chumvi.

Kipimo cha haraka: sogeza sumaku yenye nguvu chini ya karatasi yenye poda. Poda ikiruka kuifuata, chuma kimeungana kuwa chembe. Rudi Hatua ya 1 na upunguze chuma kwa nusu. Poda isiyoitika haithibitishi kila kitu, ila angalau unaweza kuendelea.

## Hatua ya 6: Kukagua kabla ya kupima umeme

Vipimo vitatu vinatosha kukuambia kama uko njiani.

Eksirei ya fuwele. Unatafuta vilima viwili vipana vya kaboni, karibu nyuzi 25 na 44. Kilele chembamba kwenye nyuzi 44.7 ni chuma kilichoungana.

Unyonyaji wa naitrojeni. Hapa soma umbo la mchoro kabla ya kusoma namba. Mpando mkali mwanzoni ni vitundu vidogo. Pengo kati ya mstari wa kupanda na wa kushuka ni vitundu vya kati. Mpando mwishoni, shinikizo linapokaribia kikomo, ni nafasi kubwa. Unazitaka zote tatu. Mchoro unaopanda mara moja kisha ukalala tambarare ni ile kaboni iliyotajwa mwanzoni, yenye vyumba visivyo na njia. Ukiupata, chumvi haikuchanganyika vya kutosha au fuwele zako zilikua kubwa.

Eksirei ya elektroni za naitrojeni. Naitrojeni ya piridini hutokea karibu elektronivolti 398.3 na ya grafiti karibu 401.2. Naitrojeni iliyoshika chuma huonekana katikati, karibu 399.5, lakini usiitegemee peke yake kama ushahidi, maana vilele hivi hupandana.

## Hatua ya 7: Kupima kwenye diski inayozunguka

Wino. Miligramu 5 za kichocheo, mililita 0.75 za isopropanoli, 0.2 za maji, 0.05 za Nafion. Weka kwenye kisafishio cha mawimbi ya sauti kwa dakika 45, maji yake yakiwa na barafu. Yakipata moto isopropanoli huvukiza na wino hubadilika.

Ng'arisha diski kwa alumina ya maikromita 0.3 kisha 0.05. Dondosha maikrolita 10. Kwa diski ya sentimita za mraba 0.196, hiyo ni miligramu 0.255 kwa kila sentimita ya mraba. Kausha ikizunguka taratibu, mizunguko 300 hadi 600 kwa dakika. Tabaka liwe sawasawa hadi ukingoni. Duara jeusi pembeni na katikati peupe maana yake futa na urudie.

Kupima. Tumia potasiamu hidroksidi ya mola 0.1. Pitisha naitrojeni kwanza, zungusha volteji kwa milivolti 50 kwa sekunde hadi michoro ilingane, kisha chora mstari wa msingi kwa milivolti 10 kwa sekunde na mizunguko 1,600. Baadaye pitisha oksijeni dakika 30, chora tena vilevile, na utoe mstari wa msingi. Kaboni yenye vitundu hubeba chaji nyingi, kwa hiyo usipotoa msingi utasoma uongo. Sahihisha pia upinzani wa elektroliti, ambao kwa kawaida ni ohmu 40 hadi 50.

Mambo matatu hutoa matokeo ya uongo hata kwa mtu makini:

- *Waya wa platinamu kama elektrodi ya tatu.* Platinamu huyeyuka kidogo kidogo na kuganda juu ya kichocheo chako. Utafurahia kazi isiyo yako. Tumia grafiti.
- *Elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha kwenye alkali.* Kloridi huvuja na kizibo chake huliwa na alkali, kisha volteji inateleza. Tumia ya zebaki.
- *Kubadilisha volteji kutoka kipimo cha zebaki hadi cha hidrojeni kwa fomula tu.* Ihakiki kwa hidrojeni juu ya platinamu safi katika elektroliti ileile: pale mkondo unapovuka sifuri ndipo penye volti 0 za hidrojeni. Ifanye siku nyingine au kwenye chombo kingine.

Dalili ya mafanikio: mkondo unafikia kikomo tambarare cha miliampia 5.5 hadi 6 kwa sentimita ya mraba. Hesabu ya Levich (fomula ya kikomo cha mkondo kwenye diski inayozunguka) kwa elektroni nne inatoa takriban 5.7. Nusu ya mkondo huo iwe kwenye volti 0.85 au zaidi dhidi ya elektrodi ya hidrojeni, sambamba na platinamu uliyoipima kwa vifaa vyako mwenyewe siku ileile.

Kikomo cha 3 hadi 4 kinamaanisha oksijeni nyingi inaishia kuwa peroksidi kwa njia ya elektroni mbili, au tabaka halifuniki diski. Mteremko usiotulia mara nyingi ni tabaka lisilo sawa. Ukiwa na diski yenye pete, pima peroksidi kwa tabaka jembamba pia: tabaka nene huinasa peroksidi na kuimalizia ndani, hivyo tatizo hufichika.

## Hatua ya 8: Kuingiza kwenye betri

Nyunyiza wino kwenye karatasi ya kaboni isiyopenda maji hadi miligramu 1 kwa sentimita ya mraba. Upande wenye kichocheo utazame elektroliti, upande mwingine hewa. Anodi ni bati la zinki lililosuguliwa. Elektroliti ni potasiamu hidroksidi ya mola 6. Kwa betri ya kuchajiwa ongeza zinki asetati ya mola 0.2. Alkali hii hupata moto sana ikiyeyuka, na jicho halisamehewi nayo: vaa miwani ya kinga, ongeza punje kwenye maji kidogo kidogo.

Volteji bila mzigo iwe 1.4 hadi 1.5. Uwezo ukokotoe kwa uzito wa zinki uliotumika, si wa bati zima. Kikomo cha kinadharia ni miliampia-saa 820 kwa gramu.

Volteji ikishuka taratibu baada ya saa chache, tazama nyuma ya karatasi. Matone yanamaanisha vitundu vimejaa maji na oksijeni imefungiwa nje. Ongeza sehemu isiyopenda maji au punguza Nafion. Unga mweupe ni kaboneti kutokana na kaboni dioksidi ya hewani. Jaribu kwa hewa iliyosafishwa na ulinganishe. Ikishuka kwa betri inayochajiwa tu, kaboni yenyewe inaungua, kwa kuwa kuchaji hupandisha volteji ya betri hadi karibu 2. Tumia elektrodi ya pili ya nikeli na chuma kwa ajili ya kuchaji peke yake.

Kwa seli ya mafuta (kifaa kinachozalisha umeme kwa hidrojeni na oksijeni) yenye utando wa asidi, usihamishe tabaka hili moja kwa moja. Huko huhitajika miligramu 3 hadi 4 kwa sentimita ya mraba, tabaka la unene wa karibu maikromita 100, na hivyo vitundu vikubwa vinakuwa muhimu maradufu. Zaidi ya hapo, chuma kinachovuja hukutana na peroksidi na kuzaa radikali, yaani vipande vya molekuli vikali mno, zinazokula utando. Kwa sababu hiyo peroksidi ya asilimia chache, ambayo betri ya alkali inaweza kuivumilia, kwenye asidi ni kasoro ya kurudisha poda Hatua ya 1.